Mkate Uliookwa Majivuni

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba hapo kale palikuwa na kaumu mbili: watu wa Hazma waliokaa mlimani, na watu wa Raufa waliokaa bondeni. Mababu zao walisimama bega kwa bega wakapigana na mfalme mmoja dhalimu, mpaka Mwenyezi Mungu akawapa nusura. Siku ile ya ushindi, vumbi likiwa bado usoni mwao, waliapa kwamba mmoja akiita, mwenzake atakuja. Na kwa kuwa kila mmoja alikwisha kumwona mwenzake akifa kwa ajili yake, wakaongeza neno: atakuja bila kuuliza sababu. Alama ya wito ikawa mkono wa kanzu uliokatwa begani.

Mababu wakafa, na wana wao wakafa. Ahadi ikabaki.

Zama za ukame mkubwa, amiri wa Hazma alikuwa kijana aitwaye Mundhiri bin Aufi. Alikuwa mcha Mungu na mwenye haya nyingi, mtu ambaye hata kusema mbele za jamaa zake kulimtia jasho. Siku moja akaja mjumbe kutoka bondeni, akamwekea mkono wa kanzu mapajani, akanywa maji, akarudi alikotoka. Hakusema neno, wala hakuulizwa.

Wanaume wa Hazma wakachukua panga na mikuki wakashuka. Njiani Dhakwani, binamu yake Mundhiri, hakuweza kunyamaza.

"Pengine wamevamiwa na nzige," alisema. "Mimi sijafundishwa kumpiga nzige kwa upanga."

"Dhakwani, tumeapa kutouliza."

"Na nani kauliza? Mimi nakisia tu."

Walipofika bondeni, Mundhiri alishangaa. Hapakuwa na nyumba iliyochomwa, wala majeruhi, wala kilio. Watoto walikuwa wakikimbizana uani. Kutaiba, sheikh wa watu wa Raufa, mtu mzima aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake, alitoka akamkumbatia kwa nguvu, akawaletea tende na maziwa kidogo.

"Mmekuja," alisema. "Mwenyezi Mungu awalipe kheri."

Mundhiri akangoja aambiwe zaidi. Kutaiba akazungumza habari za ngamia wake wanaokonda. Akazungumza habari za harusi ya mpwa wake. Swali lilikuwa limejaa kinywani mwa Mundhiri: adui yuko wapi? Lakini je, kuuliza mahali ni sawa na kuuliza sababu? Aliona si sawa. Kisha akaona ni sawa. Mwisho akatia tende nyingine kinywani ili apate udhuru wa kunyamaza.

Baada ya sala ya alasiri, Kutaiba alimchukua hadi ukingoni mwa mji, akamwonyesha kisima. Kando yake palikuwa na mahema machache yenye viraka, mbuzi waliotoka mbavu, na wanawake wakitwanga.

"Hao ndio," alisema Kutaiba. "Kesho baada ya alfajiri, waondoeni."

"Hao?"

"Hao."

Mundhiri akatazama tena, huenda kuna jeshi nyuma ya mahema ambalo jicho lake halijaliona. Hakuona ila punda.

"Nanyi mtasimama upande gani wetu, baba? Kulia au kushoto?"

Kutaiba akageuza uso. "Sisi hatutakuwapo," akasema, akatangulia kurudi.

Hapo ndipo akili ya Mundhiri ilipovurugika kabisa. Tangu utotoni alisimuliwa kwamba kaumu mbili hizi husimama pamoja. Sasa anaitwa asimame peke yake, dhidi ya watu wanaotwanga. Akienda, anaogopa kuwa dhalimu. Akikataa, atakuwa mtu wa kwanza kuvunja ahadi ya mababu, na watu wa Hazma watabaki mlimani bila ndugu. Akaswali rakaa mbili za istikhara, akamwomba Mola wake amfungulie njia, akalala. Hakuota ila mbuzi wake wa nyumbani akitafuna mkeka. Akaamka akiwa hajui zaidi ya alivyolala.

Alipokwisha kuswali alfajiri aliacha upanga wake kwa Dhakwani, akaenda peke yake kisimani. Alitaka kuwaomba wale watu waondoke wenyewe kabla hajalazimika kuwaondoa. Akamkuta bibi mmoja, jina lake Suada, amechuchumaa mbele ya moto uliokufa, akifukua majivu kwa kijiti.

"Mbona umesimama kama nguzo?" bibi akasema. "Kaa."

"Mama, mimi si mgeni wenu. Nimekuja kuwaondoa."

"Basi tuondoe ukiwa umekaa. Shingo yangu inauma kukutazama juu."

Mundhiri akakaa. Haya zilimshika hata akasahau maneno aliyoyapanga.

"Nilikuwa nawaza watamleta nani," Bi Suada akaendelea. "Sisi malisho yetu yalikauka. Tulipofika hapa, ndimi zimetuvimba kwa kiu, Kutaiba alitulisha mkate na chumvi kwa mkono wake. Akasema, mko katika amani yetu. Na kwao, kama kwenu, aliyekula nao chumvi hainuliwi silaha. Sasa maji yanapungua, na yeye ana watoto. Neno lake hawezi kulivunja, maana ni mtu mwema. Ndiyo maana akatafuta wa kumvunjia."

Mundhiri akainamisha kichwa. Sasa alijua alichokatazwa kuuliza, na kujua hakukumpunguzia kitu. Ahadi ya babu yake ilimvuta mkono mmoja, haki ya watu hawa ikamvuta mwingine, na zote mbili ziliapwa kwa jina la Mola mmoja. Akasema moyoni, Ewe Mola wangu, sijui. Nionyeshe japo hatua moja.

Bibi akautoa mkate majivuni, mkate mdogo wa chumvi usiotiwa hamira, akaupigapiga kutoa vumbi.

"Mama, mkate huo ni wa nani?"

"Wa atakayeula."

"Nipatie kipande."

Bi Suada akamtazama sana. "Mwanangu, unajua maana yake ukiula?"

"Najua hilo tu. Mengine siyajui."

Akasema bismillahi, akala. Mchanga ulimkwaruza menoni. Kisha akarudi kwa watu wake, akawaambia waweke silaha chini, waje kula.

"Kwa sababu gani?" akauliza Dhakwani.

"Usiulize."

"Haya. Hiki ndicho kiapo changu ninachokipenda," akasema Dhakwani, akawa wa kwanza kufika.

Bi Suada akaumega mkate hata kila mtu akapata chembe, na walio nyuma wakalamba vidole vya walio mbele. Hawajamaliza, mara Kutaiba akaja mbio, kilemba kimelegea.

"Umefanya nini, ewe mwana wa Aufi? Nilikuita kama ndugu, umenisaliti!"

Mundhiri akasimama. Mbele ya watu wote wale, alisema.

"Baba, uliniita nikaja, wala sikukuuliza. Babu zetu waliapa kusimama mahali pamoja. Jana nilitafuta ulipo wewe ili nisimame ubavuni mwako, sikukuona. Leo nimekuona. Wewe umekula na watu hawa, nami nimekula nao. Hapa ndipo uliposimama kwanza, nami nimekuja kusimama nawe."

"Na watoto wangu watakunywa nini? Maneno yako?"

"Sijui," akasema Mundhiri. "Wallahi, baba, sijui."

Kama angejibu kwa hotuba, pengine Kutaiba angepata la kubishana nalo. Lakini mtu huyu alikuwa amekiri kutojua mbele ya jeshi lake, na macho yake yamejaa machozi. Kutaiba akakaa chini mchangani palepale, kama aliyeshushwa mzigo.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa nikaona haya kuogopa. Mwenyezi Mungu anisamehe."

Bi Suada akamwambia, "Na sisi tunaogopa, baba. Hata mbuzi wanaogopa."

Dhakwani akaenda akachungulia kisima. "Wanaume wote hawa tumeshuka mlimani na nguvu zetu," akasema, "na shimo lenyewe halijachimbwa kwa kina. Leteni majembe."

Wakachimba. Watu wa mlimani, wa bondeni na wa mahemani walishuka kwa zamu, wakipandisha udongo kwa vikapu. Wengine walikata tamaa, wakanong'ona kwamba Mundhiri amewaangamiza wote. Yeye hakuwajibu, alishuka tena. Kwa rehema ya Mola, chini ya mwamba yalitoka maji, machache na yenye matope. Hakuna aliyekunywa akashiba mpaka mvua ziliporudi, lakini hakuna aliyefukuzwa, na hakuna aliyekufa kwa kiu.

Inasemekana Mundhiri aliishi umri mrefu. Kila alipoulizwa ni ahadi ipi kati ya zile mbili iliyokuwa nzito zaidi, alisema mpaka siku ile hajaijua, na kwamba alijua tu kipande cha mkate kilichokuwa mbele yake. Na kaumu zile mbili hazikuachana.

Enyi wapenzi, mara nyingi tunadhani uaminifu ni kufanya kila tunachoombwa na tunaowapenda. Lakini anayekusaidia kuvunja neno lako hajakusaidia. Na akili ikivurugika, mja hatakiwi ajue njia yote; inamtosha kutodhulumu katika hatua iliyo mbele yake. Mola atujaalie ndugu watakaokuja tukiwaita, na watakaotushika mkono wakitukuta tunakosea. Amin.