Pua ya Mbwa na Kware wa Mfalme

Mwaka ule mvua ilisahau kabisa njia ya mbugani. Swala walihama, nyati wakafuata, Mfalme Simba akabakiwa na kware tu, ndege wanaojibana nyasini hata uwapite bila kuwaona. Kuwatafuta mwenyewe, pua chini, aliona ni aibu. Akamwajiri Mbwa kwa ajili ya pua yake, na Fisi, aliyejigamba kuwa fundi wa mawindo, akapewa kazi ya kumfunza.

Fisi alifunza kweli, tusimnyime haki yake. Ukinusa kware, alimwambia Mbwa, lala chini, mwelekezee pua, usitikisike mpaka atoke. Mbwa, ambaye hakuwahi kuwa na rafiki, alijifunza kwa moyo wote. Akishalala, hata siafu wampande hajikuni.

Basi kila asubuhi Mbwa alilala, Fisi akanyakua ndege, akamwambia atampelekea mfalme. Nyuma ya kichaka alimmeza mzimamzima, kisha akaenda kumshtaki Mbwa kwamba kazi yake ni kusinzia.

Siku ya tatu Simba, njaa ikimuuma, aliwaita wote wawili.

"Nasikia unalala kazini," alimwambia Mbwa. "Leo nisipopata kware, nitakula mbwa."

Mbwa aliogopa kufa, lakini kilichomuuma zaidi ni kusemwa vibaya mbele ya Fisi, rafiki yake wa pekee. Akamgeukia Fisi amtetee. Fisi akamwinamia, akahema kwa huruma ya uongo, na pumzi ile ikamfikia Mbwa puani. Kabla hajafikiri lolote, Mbwa alikwisha kulala chini, pua imemwelekea Fisi tumboni.

"Umeona, Mfalme?" Fisi akasema. "Analala hata mbele yako."

"Mbona macho yake yako wazi?" Simba akauliza.

Fisi akasogea kushoto, pua ikamfuata. Akasogea kulia, ikamfuata. Jasho likamtoka, akamnong'oneza Mbwa ainuke.

"Mwalimu," Mbwa akajibu kwa adabu, "si ulisema mpaka atoke?"

Fisi akapaliwa, akakohoa, na manyoya matatu ya kware yakapeperuka hadi miguuni pa mfalme. Hakungoja hukumu. Alikimbia mpaka ng'ambo ya korongo, Simba nyuma yake.

Tangu siku hiyo Mbwa huwinda na mfalme, na kware wa kwanza ni wake. Fisi naye, akitaka kupita karibu nao, husubiri kwanza upepo ugeuke.