Kanga wa Tutaona

Mbwa amjua amlishaye, si amsifuye. Jana harusini mlimsikia shangazi yenu akimwambia bwana harusi maneno hayo, mkacheka mpaka mkamwaga soda, na leo mnaniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Upareni, chini ya milima, palikuwa na mwindaji aitwaye Senkondo. Alikuwa na mbwa mmoja mwekundu, mbavu nje, jina lake Tutaona. Senkondo alimsifu mbwa huyo popote alipokuta watu wawili: kilabuni, kisimani, hata msibani. "Tutaona anamnusa kwale angali yai!" Lakini chakula hakumpa. Wawindaji wa zamani waliamini kwamba mbwa akishiba hulala, hawindi, na Senkondo aliishika imani hiyo kuliko wote kwa kuwa haikumgharimu kitu.

Ajabu ni kwamba mbwa hodari hivyo hakuleta windo nyumbani. Wakienda porini, Tutaona aliwaibua kanga vichakani, akawakimbiza, akapotelea majanini. Jioni Senkondo alimkuta uani, mdomo mtupu. "Leo ndege wana mbio," alimwambia mkewe, Nanzia, ambaye alikuwa amechoka kula mchicha na sifa.

Siku moja baba yake Nanzia alituma salamu kwamba anakuja kuona binti yake anaishije. Nanzia akataka wachinje jogoo. Senkondo akakataa katakata.

"Jogoo wa nini? Baba atakula kanga wa porini, tena atamwona akikamatwa."

"Sawa," Nanzia akasema. "Ila baba akilala njaa hapa, kesho naondoka naye." Hakuwa akitania.

Mzee alipofika tu, Senkondo akampeleka porini. Haukupita muda Tutaona akajitosa kichakani, manyoya yakaruka, akatoka na kanga mnono mdomoni. Senkondo alifurahi nusura alie. Akachuchumaa, akanyoosha mikono. "Lete, mwanangu, lete!" Tutaona akampita kama anayepita kisiki, akashika njia ya kijijini.

Wakamfuata mbio, Senkondo mbele, mzee nyuma ameshikilia kofia yake. Mbwa hakuingia kwa Senkondo. Aliingia kwa jirani, mjane aitwaye Nakijwa, akamweka yule kanga miguuni pake, akakaa akitikisa mkia.

Nakijwa akashika mdomo. "Kumbe ni wewe! Kila nikirudi shamba nakuta ndege mlangoni, nikadhani ni mzee Kiangi anataka kuniposa ila anaona haya. Mwezi mzima namchekea mtu wa watu!"

"Dada Nakijwa," Senkondo akasema huku akihema, "huyo ni mbwa wangu."

"Ni wako, nani amekataa?"

"Mbona basi windo analeta kwako? Umempa dawa gani?"

"Dawa? Ukoko wa ugali. Kila jioni nikikwangua sufuria namtupia. Alikuwa amekonda, nikamwonea huruma. Kama nimekosea nisamehe, jirani."

"Hukukosea, mama," mzee akadakia. Senkondo akatazama chini. Aliona aibu kwelikweli, hasa kwa kuwa mkwewe alikuwa akizihesabu zile mbavu za mbwa kwa macho.

Nakijwa hakuwa mtu wa kumwacha mgeni na njaa. Alimpika yule kanga, akamwita Nanzia, wakaketi wote uani kwake. Kabla hajala, Senkondo akamega tonge kubwa, akalichovya kwenye mchuzi, akaliweka mbele ya Tutaona. Ilikuwa mara ya kwanza tangu amfuge. Mbwa akalitazama tonge, akamtazama Senkondo, kisha akageuka kumtazama Nakijwa.

"Kula, baba," Nakijwa akamwambia. Ndipo akala.

Mzee akacheka mpaka akarudisha tonge lake sahanini. "Mkwe wangu, binti yangu simchukui. Lakini umeona kwa macho yako: mbwa amjua amlishaye, si amsifuye. Tena si mbwa peke yake."

"Nimeona, baba," Senkondo akajibu. Alikuwa tayari amefungua kinywa ili amsifu Nanzia mbele ya baba yake, mke mwema, mvumilivu. Akakifunga. Akachukua paja la kanga lililokuwa mbele yake, akamwekea mkewe.

Basi msikiapo mtu akisema mbwa amjua amlishaye, si amsifuye, jueni mpishi wa maneno ameambiwa akapike ugali.