Ufagio wa Mbonea

Mgane mmoja wa huku milimani, jina lake Mbonea, alikuwa na kijumba cha mbao na wavu barazani kwake, na ndani alifuga wadudu. Msicheke. Walikuwa wale wadudu wembamba wa kijani wanaofanana na vijiti. Mmoja akitulia kwenye tawi, unaweza kumtafuta mpaka chai ipoe na usimwone. Wa kwanza aliokotwa kwenye mpera na marehemu mkewe, akamleta ndani kwenye ncha ya khanga huku akicheka. Mke alipokwenda, wadudu wakabaki. Mbonea aliwakatia majani mabichi ya mpera kila siku na kuwasimulia habari za kijiji.

Alikuwa pia na ufagio. Jamani, ule ufagio! Kijumba chake kilikuwa kisafi kuliko majiko ya baadhi yenu, wala sitaji jina. Wageni walimsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: akawa anafagia asubuhi, anafagia na jioni, hasazi hata punje. Takataka zote alizirusha juu ya ua wa michongoma, kwa jirani yake Nakiete.

Nakiete, mama wa makamo asiyemung'unya maneno, alizikuta zimetua kwenye kichanja chake cha vyombo. Akaenda kulalamika.

"Ni uchafu tu wa wadudu, jirani," Mbonea akamjibu, akaendelea kufagia.

Basi Nakiete akarudi na hasira zake, akaukusanya ule uchafu kiganjani aumwage shimoni. Kabla hajaumwaga, akautazama. Kati ya vinyesi vikavu kulikuwa na vipunje vya kahawia, vidogo kuliko mtama, kila kimoja na kofia ndogo upande mmoja. Hakujua ni nini. Akadhani ni mbegu. Akajisemea kwamba kitu kilichovalishwa kofia hakikuumbwa ili kitupwe. Akavitia kwenye chungu kilichopasuka, juu ya mchanga, akavinyunyizia maji kwa ncha za vidole kama mtu anayetaka kupiga pasi, maana alijua mbegu ikizidishiwa maji huoza. Kilichoota ukungu alikitoa. Sisimizi walipoanza kunusanusa, akakiweka chungu juu ya jiwe katikati ya sahani ya maji. Na kila Mbonea aliporusha, yeye aliokota. Vuli ikapita, hakikuchipua kitu. Wanawake wenzake wakamtania kwamba analea mchanga. Akacheka nao, kisha akaenda kunyunyiza.

Upande wa pili wa ua mambo yalikuwa mabaya. Wadudu wa Mbonea walizeeka, wakaanguka mmoja mmoja. Alipokufa wa mwisho, Mbonea alikiosha kile kijumba, akakifuta, akakaa mbele yake. Kilikuwa kinang'aa, na hakikuwa na kitu ndani. Akalia, mtu mzima yule, kwa sababu sasa aliona mkewe amekwenda kweli.

Masika yalipoanza, sauti ya Nakiete ikavuka michongoma: "Jirani! Njoo uchukue uchafu wako, umeota miguu!"

Mbonea akaenda bila viatu. Kwenye mdomo wa chungu walikuwa wakitembea wadudu wachanga, wembamba kama uzi, wakiyumbayumba. Mmoja alikuwa bado anaburuta ganda la yai kwa mguu wa nyuma, kama mtoto aliyevaa kiatu cha baba yake. Mbonea akashika kichwa. Kumbe mayai ndiyo yale, na miezi yote hiyo alikuwa akiyafagia kwa mkono wake mwenyewe, huku anasifiwa! Akalia tena, halafu akacheka mpaka akaketi chini. Nakiete naye akacheka, akamuuliza kama ameleta majani au amekuja mikono mitupu kama kawaida yake. Wakagawana wale wadogo, nusu kwa nusu, na ua ukatobolewa njia ili isiwepo haja ya kuzunguka.

Siku hizi Mbonea bado anafagia. Mtu haachi asili yake. Lakini takataka huzimwaga kwanza kwenye ungo, akavaa miwani, na Nakiete huja kumsaidia kuchambua na kumcheka. Kijumba kina vumbi kidogo pembeni, na kimejaa.

Nanyi mnaosifiwa kwa usafi wenu: yule mliyemfagia nje ya nyumba mkisema ni uchafu tu, mlimtazama kwanza?