Mashavu na Mkonga Uliokataa Maji

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ndizo sauti za watu walioshiba? Tena! Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Na wewe huko nyuma, acha kumchokoza mwenzio.

Hapo kale, zamani za kale, mvua ilikataa kunyesha. Mto ukabaki mchanga mtupu. Tembo wakachimba kisima mchangani, wakachimba, wakachimba, mpaka maji yakaonekana chini kabisa.

Lakini majani yalikuwa yamekwisha, ikabidi wahame. Na huko njiani maji yalikuwa kwenye vishimo vyembamba vya miambani, mkonga wa tembo mkubwa hauingii. Wakubwa huvumilia kiu mpaka mwisho wa safari, mtoto hawezi. Kwa hiyo tembo walikuwa na desturi yao: kundi haling'oki mpaka mtoto wa mwisho aweze kuchota maji mwenyewe. Asipoweza, atakufa kwa kiu njiani. Wakimngoja sana, watakufa wote kwa njaa.

Mtoto wa mwisho alikuwa Mashavu. Mama yake alizoea kummiminia maji mdomoni. Mkonga wake mwenyewe ulining'inia tu, anaukanyaga, anajikwaa nao. Msicheke! Nyie mlizaliwa mnajua kufunga vifungo?

Mashavu akainama kisimani. Akavuta. Akapata mchanga mtupu. Akapiga chafya, chwaa!

Juu ya jiwe alikaa Nyani. Alikuwa amekimezea mate kisima kile, akitaka tembo waondoke upesi ili akirithi yeye. Akacheka, akasema, "Mwacheni huyo! Huo si mkonga, ni mlenda!"

Mashavu akavuta mara ya pili. Maji yakapanda, yakafika katikati, yakamwagika yote. Nyani akagaagaa kwa kicheko. Mama Mashavu akaona haya, akafoka, "Wewe mtoto una nini? Mbona Kidege mwenzio aliweza juzi?"

Enhe! Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maneno ya Nyani yaliuma, lakini ya mama yaliuma zaidi. Mashavu akauficha mkonga katikati ya miguu, akaenda kusimama nyuma ya kichuguu.

"Nendeni," akasema. "Mimi sijui na sitajua." Akalia.

Bibi yake, kiongozi wa kundi, akamfuata. Hakumwambia nyamaza. Alimngoja mpaka akamaliza kulia, kisha akamuuliza, "Mjukuu wangu, mara ya kwanza ulipata nini?"

"Mchanga, bibi."

"Na mara ya pili?"

"Maji. Lakini yalimwagika."

"Kabla hayajamwagika yalifika wapi?"

Mashavu akafikiri. "Hapa katikati."

"Nani aliyeyafikisha hapo?"

"Mimi, bibi."

"Basi twende ukayafikishe mbele kidogo."

Bibi akawageukia wenzake. "Mpeni Nyani mgongo! Mzungukeni mtoto!" Tembo wakasimama wakawa ukuta. Nyani akabaki anatazama makalio ya tembo, hana wa kumcheka.

Mama Mashavu akasogea. "Nisamehe, mwanangu. Nilimwonea haya Nyani nikakuumiza wewe. Jaribu, mimi nipo hapa."

Mashavu akavuta mara ya tatu. Maji yakapanda, yakafika katikati, yakataka kushuka. "Hamshuki!" akayaambia moyoni. Akabana ncha, akabana, akabana tena, akaukunja mkonga, akamimina mdomoni. Gudu, gudu, gudu! Lo, furaha aliyokuwa nayo! Akachota tena ingawa kiu haipo.

Kundi likang'oka. Nyani akakimbilia kisima, akanyoosha mkono. Haufiki! Na koo limemkauka kwa kucheka juani kutwa nzima.

"Mashavu, dada yangu, nichotee!"

Mashavu akarudi. "Nitakuchotea. Funga mdomo kwanza."

"Nikiufunga nitanywaje?"

"Basi uufungue kwa kunywa tu."

Nyani akanywa kimya. Mashavu akawakimbilia wenzake. Kwenye mwamba wa kwanza hakumngoja mama yake wala bibi, alipenyeza mkonga shimoni akanywa.

Sasa nanyi wazazi mnaojifanya mmesinzia, nisikieni. Mtoto anapojifunza, mwonyeshe yeye alipofika, usimwonyeshe mwenzake alipofika. Na nyie watoto, maji yakimwagika, chota tena.

Ngano yangu nimeitua hapo. Mwenye masikio aichukue, mwenye kusinzia akalale.