Tarakimu Sita za Hina

Mnanichosha na kisa hiki, kila siku nacho, na simu zenyewe hamzitui. Haya.

Mwanamkasi alikuwa mpakaji hina. Wateja aliwapata kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Kombo, tajiri mwenye duka kubwa nyuma ya kibanda cha Mwanamkasi, alikitamani kile kibanda. Akampigia amebadili sauti: "Mama, hapa kampuni ya simu. Nitajie tarakimu sita ulizotumiwa sasa hivi." Masikini akazitaja. Ukurasa ukamtoka.

"Hama, nikurudishie," Kombo akamwambia, hata haya hana.

Mwanamkasi akanywea. "Nitahama, bwana mkubwa. Lakini Jumamosi arusi ya bintiyo, niache nikuimbie. Marehemu mama yako nimtajeje?"

"Mize binti Faki!"

"Na chuo ulichoanzia kusoma?"

"Kwa Maalimu Sururu."

"Na utotoni wakikuitaje, simba wetu?"

"Kibonge," likajibu bwege lile, limevimba kwa sifa.

Jumamosi Mwanamkasi hakuimba. Ukurasa wa duka la Kombo ndio ulioimba: "Mimi Kombo ni mwizi wa kurasa za wanawake." Kumbe ukisema umesahau neno la siri, mtandao unakuuliza matatu tu: mama, chuo, jina la utotoni.

Kombo akaja mbio, kofia mkononi, akarudisha cha watu. Chake hakukipata mpaka alipokaa mkekani akapakwa hina kama bi arusi, na zile tarakimu sita kwenye kila kiganja. Wiki mbili nzima, kila akirudisha chenji, wateja walimsomea.