Kata ya Bibi Ndetaramo

Hapo zamani, kabla bia ya chupa haijapanda mlimani kwetu, palikuwa na kilabu cha mbege nyuma ya soko, na mwenye kilabu alikuwa Bibi Ndetaramo. Mtanivumilia nikienda polepole. Aliyenisimulia habari hii alikuwa mume wangu, naye sasa amelala kwenye migomba na hawezi kunisahihisha. Mungu amrehemu. Kilabu kile alikijua kuliko alivyoijua Zaburi yoyote.

Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi. Huchotwa na kunywewa kwa kata, yaani kibuyu kidogo kilichopasuliwa na kuachiwa mpini. Kwa Bibi Ndetaramo palikuwa na sheria mbili tu. Sheria ya kwanza: mgawaji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakutiliwa kitu. Sheria ya pili: kata inayotazama juu hujazwa. Aliyetosheka huifunika mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mwingine haigusi. Na sababu ni hii: mwanamume akizikwa, kata yake hufunikwa juu ya kaburi. Kumfunikia kata mtu aliye hai ni kumwambia, wewe umekufa, kilichobaki ni kukulaza.

Basi magoti ya Bibi yakachoka. Akatangaza kwamba anatafuta mgawaji. Akasema, "Nitakayempa kata yangu ya kugawia, atagawa mpaka nife. Nikifa, kilabu ni chake."

Mngedhani watakuja vijana wasio na kazi. Wakaja watu watatu wenye kazi.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Elirehema, aliyefundisha miaka kumi na tisa. Aliacha chaki mezani katikati ya hesabu za kugawanya, akatoka. Akamwambia Bibi, "Darasani nilisema, wakawa hawasikii. Hapa watasema wao, mimi nitasikiliza. Hatimaye nimepata kazi ambayo moyo wangu unaipenda."

Wa pili alikuwa Sista Mkunde, muuguzi wa zahanati. Alivua kofia yake nyeupe, akaitundika kwenye msumari, akatoka. Akamwambia Bibi, "Zahanati watu huja wakiwa wamekwisha. Hapa huja wakiwa bado wazima. Hatimaye nimepata kazi ambayo moyo wangu unaipenda."

Wa tatu, na hapa naona haya, alikuwa Mwinjilisti Anaeli. Aliifunga Biblia, akamkabidhi mzee wa kanisa ufunguo, akatoka. Akamwambia Bibi, "Kanisani huja na nyuso za Jumapili. Hapa huja na nyuso zao. Hatimaye nimepata kazi ambayo moyo wangu unaipenda."

Moyo! Moyo umepewa kazi moja, kupiga, na hata hiyo siku moja huichoka. Lakini watu wale walitembea na mioyo yao mkononi kama wauza mayai.

Bibi akawatazama mmoja mmoja. "Kata ni moja," akasema. "Siwezi kuipasua mara tatu. Gaweni wote kwa wiki tatu, mkipokezana zamu, kila mtu na pipa lake. Nitakaa hapa mlangoni na magoti yangu, nitaangalia."

Wakagawa. Na wanywaji, ambao hawajawahi kuacha kazi yoyote kwa sababu hawajawahi kuwa nayo, wakapata la kufanya.

"Mwalimu, huiti mahudhurio leo? Kirita hayupo, andika mtoro!"

"Sista, nina homa. Nipime kwa kata mbili asubuhi, mbili jioni."

"Mwinjilisti, toa neno! Au neno liko chini ya pipa?"

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama yake Sista alilala siku mbili akiangalia ukuta. Mke wa Mwalimu alipoulizwa mume wake anafanya kazi gani, alijibu kwamba amehamishwa. Mchungaji alimtaja Mwinjilisti kwenye maombi, katikati ya wagonjwa na wasafiri. Na nafasi zao zikajazwa upesi. Shule ikapata mwalimu mwingine, zahanati ikapata muuguzi mwingine, na kanzu ya Mwinjilisti ikapunguzwa mikono ikavaliwa na mtu mfupi. Kwa hiyo ambaye angeikosa kata ya Bibi hakuwa na mahali pa kurudi. Walilijua hilo wote watatu, na bado walikuja kazini wakiimba. Lazima niseme kweli, maana uongo ni dhambi hata ukisemwa juu ya walevi: walinawiri. Mwalimu alinenepa. Sista aliacha kuumwa kichwa. Mwinjilisti alicheka, na watu wakagundua kwamba ana pengo.

Jumamosi ya wiki ya tatu, saa nane mchana, akaingia Meku Nderumaki.

Kwetu mzee huitwa Meku, na huyu alikuwa seremala wa madirisha, mtu mpole, asiyejua kilabu. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu amzike mke wake, Apaikunda. Wiki sita hakuwa amelitaja jina lake wala kutamka kwamba amekufa. Akiulizwa, alisema, "Hayupo." Kama vile ameenda mtoni. Na siku nne zilikuwa zimepita hajatia chakula mdomoni.

Akaketi, akaiweka kata yake mezani ikitazama juu. Akasema, "Jazeni. Msiniulize kitu. Leo nakunywa mpaka nishindwe kuona njia, halafu nitapita korongoni."

Nyuma ya kilabu palikuwa na korongo, na korongo lile lilikuwa limekwisha kuchukua watu wawili, nao walikuwa wamelewa tu, hawakuwa wamekusudia.

Mnajua wanywaji walifanya nini? Walisogeza viti wapate kuona vizuri.

Sista akafika wa kwanza. Akafikiri, tumbo la siku nne halitaistahimili hii. Akaenda nyuma, akachukua maji ya ndoo, akayapaka rangi kwa mbege kidogo. Akarudi, akaonja mbele ya Meku kama sheria inavyotaka, na akafumba macho kwa raha, mwongo yule, kama anayeonja pombe ya harusi. "Nzuri, Meku. Karibu." Meku akanywa. Kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote maji. Huzuni ilikuwa imekwisha kumharibu ulimi, hakutambua.

Halafu ikaja zamu ya Mwinjilisti. Huyu hakujua kitu kuhusu ndoo. Akafikiri, kumnyima siwezi, sheria ni sheria. Lakini sheria haikusema mgawaji aonje kiasi gani. Akaijaza kata, akaonja. Akaonja tena. Akaonja mpaka kata ikabaki nusu, akampa.

"Mbona unaonja kwa muda mrefu?" Meku akauliza.

"Nahakikisha, Meku. Siku hizi watu ni wabaya."

Kata ya nne akahakikisha. Ya tano akahakikisha. Ya sita, ya saba, ya nane. Kufika ya tisa Mwinjilisti alikuwa ameshika nguzo na anaiita nguzo "ndugu mpendwa". Wanywaji wakapiga meza.

"Mwinjilisti ameokoka mara ya pili!"

"Mleteeni kiti, anataka kuhubiri!"

Hakuhubiri. Alianguka kando ya pipa lake na kulala, mtu aliyewahi kushika Meza ya Bwana. Akifika hapa mume wangu alikuwa anacheka. Mimi sikucheka wakati ule, na sasa hakuna wa kucheka naye.

Ikabaki zamu ya Mwalimu. Meku akainuka nusu, akaangalia upande wa mlango wa nyuma, wa korongoni, akaketi tena. Akaigonga kata mezani ikitazama juu. "Jaza, Mwalimu. Hii ni ya mwisho."

Mwalimu akasimama mbele yake na pipa limejaa. Miaka kumi na tisa hakuwa amemgusa mtoto hata kwa fimbo, kuchapa nako kulimshinda. Akaweka mkono juu ya kata ya Meku Nderumaki. Akaigeuza. Akaifunika.

Watu wakasema, "Yesu!" Hata wale wasiomjua.

Meku akasimama wima. Uso ukawa mwekundu kama matofali. "Unanifunikia kata? Mimi? Unanifunikia mimi?"

"Nimekufunikia, Meku."

"Mimi sijafa!" Meku akapiga kelele, sauti ikafika sokoni, wauza vitunguu wakageuka. "Mimi sijafa, mshenzi wewe! Aliyekufa ni Apaikunda! Apaikunda ndiye aliyekufa!"

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Akakaa chini, si kwenye kiti, kwenye udongo, akalia. Alilia mpaka kivuli cha paa kikahama kutoka kwenye mguu wake kwenda kwenye ukuta. Hakuna aliyemgusa. Alipomaliza, akajifuta kwa mkono wa shati, akasema, "Nina njaa."

Bibi Ndetaramo akampa bakuli la mtori wa ndizi na nyama. Akala.

Sasa, mtu mwenye adabu angemwacha mjane mwanamume ale kwa amani. Hao watatu hawakungoja amalize bakuli. Mwinjilisti alikwisha kumwagiwa maji kichwani akaamka, na alipoamka tu akasikia wenzake wanadai, naye akaanza kudai akiwa amekaa chini.

Sista akasema, "Bibi, kata ni yangu. Mtu huyu amekula tumbo likiwa salama kwa sababu yangu. Kata tatu za kwanza nilimpa maji. Kama angekunywa mbege kweli, maneno ya Mwalimu yangempita. Mimi ndiye niliyemwachia akili ya kusikia."

Hapo kilabu kikachafuka. Mzee mmoja akanusa kata yake. "Maji? Sista, na hii yangu?"

"Hiyo ni mbege, babu."

"Nitajuaje? Wiki tatu nanunua kwako!"

"Babu, umelewa."

"Na mtu akinywa maji kwa imani halewi?"

Mwinjilisti akasema, "Bibi, kata ni yangu. Sista alimdanganya mgeni machoni. Mimi sikudanganya. Nilichotia mdomoni kilikuwa mbege, na alichopata yeye kilikuwa mbege. Kata sita, nusu zake ziko ndani yangu. Kanisa limenipoteza, jina limeniponyoka mbele ya watu, nimelala kama mbwa karibu na pipa. Nani mwingine hapa alitoa kitu chake mwenyewe?"

"Ulitoa?" mtu mmoja akasema. "Uliichukua! Mgeni alikuwa na kata yake, ukamnywea nusu. Ukigawa hivyo mwaka mzima, Bibi atafunga mlango na wewe utakuwa bado unahakikisha."

Mwalimu akasema, "Bibi, kata ni yangu. Hawa wawili walimchelewesha. Kuchelewesha si kuokoa. Angemaliza maji ya Sista, angemaliza nusu za Mwinjilisti, halafu angetoka kwa mlango ule. Aliyemrudisha ni mimi, na nilifanya mbele ya macho yake, bila kujificha nyuma ya ndoo wala nyuma ya sheria."

"Umeivunja sheria," wanywaji wakasema. "Ukimfunikia huyu leo, kesho utanifunikia mimi kwa sababu hunipendi. Nani atakaa meza yako akijua mkono wako unaweza kumzika?"

Mwalimu akapangusa vidole kwenye shati kama mwenye chaki. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alionekana mwalimu.

Bibi Ndetaramo akainua mkono. Akamgeukia Meku, aliyekuwa akikwangua bakuli kwa kijiko. "Meku, wewe ndiye uliyehudumiwa. Sema. Nani alikugawia vizuri?"

Meku Nderumaki akafikiri. Akawatazama, na hakuwatazama kwa upole. "Huyu mama amenidanganya," akasema. "Huyu mtu wa Mungu ameniibia. Na huyu mwalimu amenitukana tusi ambalo baba yangu hakuwahi kunitukana. Maisha yangu yote sijawahi kuhudumiwa vibaya hivi." Akaweka kijiko. "Sasa naenda nyumbani kwa njia ya barabarani. Nina dirisha la mtu sijalimaliza."

Akatoka kwa mlango wa mbele.

Bibi akabaki na kata yake ya kugawia, ameishika kwa mpini. Mbele yake watu watatu: mmoja aliyemwokoa mtu kwa uongo, mmoja kwa wizi, mmoja kwa tusi. Mmoja atapata kazi ambayo moyo wake unaipenda. Wawili watakwenda zao, na hakuna shule wala zahanati wala kanisa linalowangoja.

Mume wangu alikuwa na jibu lake, na mimi nina langu, na kwa miaka ishirini na sita hatukupatana. Nyinyi mlioketi hapa mnajiona mna hekima. Nawasikiliza basi: kama kata ile ingekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?