Mto Uliponyamaza

Wahenga walipotutahadharisha juu ya kimya, hawakusema kwamba kila msemaji ni mjinga na kila mkimya ni mwerevu. Walitaka tu tusidharau kitu kwa sababu hakipigi kelele. Yupo seremala mmoja aliyejifunza hilo nusura limtoe roho.

Majirani walimbandika jina la Redio, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Rafiki yake wa tangu utotoni alikuwa fundi wa saa, mtu wa kushinda kutwa kibandani bila kutoa maneno kumi. Walikuwa chanda na pete. Redio alitumia miezi minne kuunda kayaki mbili, mitumbwi ya mtu mmoja ya mbao nyembamba, kila mmoja na yake, ili wateremke mto kwa siku tatu. Mkewe alizitazama, akatikisa kichwa.

"Baba Mapacha, umejichongea jeneza lenye kasia."

Fundi wa saa alikuwa na wasiwasi mmoja tu. Mahali fulani huko mbele palikuwa na maporomoko makubwa, na hakuna aliyewaambia ni umbali gani hasa.

"Tutayasikia," Redio alisema. "Maporomoko si paka, hayanyati. Yakikaribia tunashuka, tunabeba kayaki zetu, tunayazunguka."

Siku ya kwanza mto uliwapokea kwa makelele. Maji yaliruka juu ya mawe, yakafoka, yakawalowesha chapachapa, lakini kina chake hakikupita magoti. Jioni, wakiota moto, Redio alicheka. "Mto wenyewe ndio huu? Debe tupu."

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, kelele zikakoma. Mto ulipanuka, ukatulia kama maji ya beseni, na kuta za mawe zikapanda pande zote mbili hadi marafiki wale wakajiona wadogo mno. Ndege alipita juu, wakasikia mbawa zake. Upepo mwanana ulivuma kutoka nyuma yao, ukizipeperusha mbali nao sauti zote za mbele. Fundi wa saa alijikuta amezuia pumzi kwa uzuri ule.

"Leo umelala," Redio alisema, akalaza kasia mapajani.

Hakuna aliyekuwa akipiga kasia, lakini kuta zilirudi nyuma kwa kasi. Fundi wa saa aliliona hilo, akafanya kama afanyavyo aletewapo saa iliyonyamaza. Alizamisha kasia majini, akaubana mpini wake sikioni. Ndani ya ule mti palikuwa na ngurumo ndefu isiyo na mwisho.

Kwa miaka thelathini ya urafiki wao hakuwahi kupaza sauti. Siku hiyo aliipaza.

"Redio! Kata kushoto, sasa hivi!"

Sauti iligonga kuta, ikarudi mara tatu. Angekuwa mtu mwingine, Redio angebishana kwanza. Sauti ile ilimtisha kuliko mto, akapiga kasia kama mwendawazimu. Fundi wa saa alitangulia kupanda mwamba wa ukingoni, akaivuta kayaki yake juu, kisha akamnyooshea mwenzake kasia lake. Redio alilidaka kwa mikono miwili, na kayaki ikamtoka chini ya miguu. Ilikwenda kimya, ikageuka mara moja, ikatoweka pale mto ulipoonekana kukatika.

Wakatambaa hadi ukingoni, wakachungulia. Mto mzima ulikuwa unaanguka. Ulikuwa mweupe, kisha moshi, na mwamba ukatetemeka chini ya matumbo yao. Upinde wa mvua ulikuwa chini yao, si juu. Kayaki ya miezi minne haikuonekana hata kibanzi. Redio alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya kayaki.

Siku ya tatu walianza kurudi nyumbani kwa miguu, kayaki iliyobaki mabegani, mmoja mbele, mmoja nyuma. Walipofika, mke wa Redio aliwapokea, akavuta kigoda kusubiri habari ndefu.

"Haya, mto ulikuwaje?"

Redio alimgeukia rafiki yake.

"Ulikuwa kimya, Mama Mapacha," alisema. "Kama huyu."

Ama kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.